Kifaa cha GPS kwa safari ya gari ndani ya Oman: nichukue changu au nitegemee simu?

Msafiri wa Malindi (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi wa Januari, insha Allah, ninakusudia kumpeleka mama yangu Oman kuwaona jamaa zake ambao hajaonana nao tangu walipohama Unguja. Jamaa hao wametawanyika. Dada yake yupo Ibra, upande wa Sharqiyah, watoto wa kaka yake wapo Al Hamra, chini ya Jabal Shams, na yupo mmoja Rustaq ambaye tungependa kumtembelea tukishatoka huko milimani. Tutafikia Muscat, tutakodi gari uwanja wa ndege, na mwendeshaji ni mimi. Mama ana maumivu ya magoti, kwa hiyo sitaki kumchosha njiani kwa kupotea, wala sitaki kumpitisha katika barabara ya mawe ikiwa ipo ya lami.

Ninacho kifaa cha GPS cha gari, aina ya Garmin, ambacho nimekitumia kwa muda mrefu ninapovuka kwenda Bara, kuanzia Dar es Salaam hadi Arusha na Mbeya. Nimekizoea, sauti yake inasikika vizuri, na kioo chake kinasomeka hata juani. Ramani iliyomo ni ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika tu. Nimeulizia kwa watu na nimepata majibu yanayopingana, kwani wapo wanaosema kuwa kifaa kilichonunuliwa Afrika hakishiki setelaiti za Ghuba, na wapo wanaosema kuwa siku hizi kifaa hakina kazi tena kwa sababu simu inatosha. Ningeomba kujua ukweli wa hayo mawili, na namna ya kupata ramani ya Oman. Zaidi ya hayo, ningeomba kujua nitazipataje nyumba za jamaa hawa, kwa sababu maelezo niliyopewa mpaka sasa ni ya msikiti, mtende na sheli iliyo karibu, bila jina la mtaa.

Mkaazi wa Seeb (Oman)

Wa alaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Mama yako atafurahi, na Januari ni wakati mzuri wa kuja kwa sababu joto linakuwa limepungua.

Barabara kuu za huku zisikutie wasiwasi. Kutoka Muscat kwenda Ibra unapitia Bidbid na kushika barabara namba 23, ambayo ni pana, ya lami, na inaendelea hadi Sur. Kwenda Nizwa na Al Hamra unashika namba 15. Vibao vya njiani vimeandikwa kwa Kiarabu na kwa herufi za Kirumi, kwa hiyo hata mtu asiye na kifaa chochote hupotea kwa nadra akiwa katika njia hizo. Tabu huanza pale unapoandika jina la mji na kukiachia kifaa kichague.

Tuanze na Ibra yenyewe. Oman ina Ibra na ina Ibri, na ni miji miwili tofauti. Ibra iko Sharqiyah Kaskazini, ambako ndiko walikotoka wengi waliohamia Unguja zamani, na Ibri iko Dhahirah, upande wa mipaka ya Saudia na Imarati. Kwa mstari ulionyooka, umbali kati yake unazidi kilomita 200. Ukiandika herufi tatu za mwanzo na kubonyeza jina la kwanza linalojitokeza, kifaa kitakupeleka Ibri kwa utulivu ule ule ambao kingekupeleka Ibra, na kwa kuwa barabara ni nzuri hutashuku kitu mpaka umeshakwenda mbali. Jina la Al Hamra nalo linabebwa na sehemu nyingi katika nchi za Kiarabu. Kisha kuna suala la tahajia: mji mmoja unaweza kuukuta umeandikwa Rustaq, Al Rustaq au Ar Rustaq, na Seeb hii ninayokaa mimi utaikuta pia kama As Sib. Kwa hiyo kila unapochagua jina, kabla ya kubonyeza kuanza safari, itazame njia nzima kwenye ramani. Ukienda Ibra, mstari utoke Muscat hadi Bidbid, kisha uelekee kusini-mashariki. Ukiuona unapinda kuelekea magharibi baada ya Nizwa, jina ulilochagua si lile.

Kuhusu nyumba, dawa ni lokesheni. Mwambie mtoto wa mama yako mkubwa au mdogo akutumie lokesheni kwa WhatsApp akiwa amesimama mlangoni kwake, na atume ile ya kudumu, kwa sababu ile ya muda hukatika baada ya dakika 15, saa 1 au saa 8 kama alivyochagua mtumaji. Fanya hivyo kwa nyumba zote tatu kabla hujaondoka Unguja, halafu uandike namba za kila lokesheni kwenye karatasi. Mitaa mingi ya Muscat ina namba, lakini huko ndani, katika miji ya zamani yenye mashamba ya mitende na kuta za udongo, watu hujuana kwa ukoo na kwa msikiti, na kifaa hakimjui mtu kwa ukoo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulisome pamoja na mama yako, nalo ni hiyo safari ya kutoka Al Hamra kwenda Rustaq. Miji hii miwili iko pande mbili za mlima mmoja. Ukikiambia kifaa kikutafutie njia fupi, kitakuonyesha njia inayopanda hadi Sharaf al-Alamayn, kisha inashuka upande wa pili kupitia Hat na Bilad Sayt, ndani ya Wadi Bani Awf (wadi ni bonde la mto wa msimu), hadi upande wa Rustaq. Kwenye kioo njia hiyo inaonekana fupi na ya kuvutia. Kwa hakika ni njia ya mawe, nyembamba, yenye mteremko mkali na makona ambayo magari mawili hayapishani kwa raha, na inataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne pamoja na dereva aliyezoea. Wageni wengi hujikuta humo kwa sababu kifaa kimewaambia ni karibu. Usimpitishe mzee huko. Rudini kwa barabara namba 15 kuelekea Muscat, mshuke hadi Barka katika pwani ya Batinah, kisha mkate kuingia ndani kupitia Nakhal na Awabi mpaka Rustaq. Ni mzunguko mrefu lakini ni lami mwanzo hadi mwisho. Ili kifaa kisikurudishe mlimani, iweke Nakhal kama kituo cha katikati ya safari.

Kama mtataka kupanda Jabal Akhdar kutokea Nizwa, jueni kwamba kuna kizuizi cha polisi Birkat al-Mawz na gari dogo la kawaida haliruhusiwi kupita. Kifaa hakitakwambia hilo.

Neno langu la mwisho kwa leo ni mvua. Wadi hukaa kavu kwa muda mrefu, na barabara nyingi za vijijini hupita katikati yake zikiwa chini sawa na mchanga. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika bondeni ghafla hata kama hapo ulipo jua linawaka. Aprili 2024, maji ya wadi huko Samad al-Shan, katika mkoa huo huo wa Sharqiyah Kaskazini, yaliua watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari. Kifaa chako kitaendelea kusema nenda moja kwa moja kana kwamba hakuna kitu. Ukiona maji yanapita juu ya barabara, simama, na hata kama wenyeji wanavuka wewe usivuke. Sheria ya hapa inamwadhibu anayevusha gari katika wadi iliyojaa.

Fundi wa Ramani (Dar es Salaam)

Ndugu Mkaazi wa Seeb amelieleza vizuri suala la njia, nami nitajibu upande wa kifaa.

Madai kwamba kifaa kilichonunuliwa Afrika hakishiki setelaiti za Ghuba si ya kweli. Mfumo wa GPS ni wa serikali ya Marekani, una setelaiti zipatazo 31 zinazofanya kazi, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku ikiwa juu ya uso wa dunia kwa takriban kilomita 20,200. Hakuna setelaiti ya Afrika wala ya Uarabuni, kwa sababu ile inayopita juu ya Unguja asubuhi inaweza kuwa juu ya Oman baadaye. Kifaa kinapokea tu mawimbi, hakirushi chochote, na kikipata setelaiti nne hujua kilipo kwa kupima muda ambao kila wimbi limechukua kufika. Huduma hiyo haina ada wala haihitaji bando. Kinachotofautiana kati ya nchi na nchi ni ramani iliyomo ndani, nao wanaosema kuwa kifaa hakikushika mara nyingi walifika ugenini wakaona kioo cheupe chenye alama ya gari katikati. Kifaa kilikuwa kinajua kilipo kwa usahihi wa mita chache, ila hakikuwa na ramani ya kuonyesha mahali hapo.

Utakapokiwasha Muscat kwa mara ya kwanza, usikikatie tamaa haraka. Kitakuwa bado kinatafuta setelaiti kwa kumbukumbu za Unguja. Ratiba kamili ya setelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokewa, ingawa vifaa vya karibuni hupata mahali pake mapema zaidi. Kitoe nje ya jengo la kuegesha magari, kiache mahali peupe panapoona mbingu, nawe ufanye shughuli nyingine kabla ya kuondoka.

Ramani ya Oman unaweza kuipata kwa njia mbili. Garmin wenyewe wanauza ramani ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na ukiinunua utapata utafutaji wa majina uliokamilika zaidi. Njia ya pili ni ya bure, nayo ni ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao ramani zake huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Ndio huo huo ambao vijana wa hapa Dar es Salaam waliuchangia kuanzia 2015 kupitia Ramani Huria, walipochora mitaa inayofurika maji. Zipo tovuti zinazozitengeneza ramani hizo katika umbo linalosomwa na vifaa vya Garmin. Unapakua faili la nchi unayotaka, ambalo kwa kawaida huitwa gmapsupp.img, unaliweka ndani ya folda inayoitwa Garmin kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kisha unaichomeka kadi katika kifaa. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya ramani uhakikishe kwamba ramani ya Oman imewekewa alama ya kutumika. Udhaifu wa ramani hizi kwenye Garmin ni utafutaji wa anwani, ambao mara nyingi haufiki mbali, na ndiyo sababu ushauri wa kutumia namba za lokesheni badala ya majina ni wa lazima kwako.

Usingoje mpaka ufike ndipo ujaribu. Vifaa vingi vya gari vya Garmin vina sehemu ya kuzima upokeaji wa setelaiti na kujifanya uko mahali unapopachagua. Jiweke uwanja wa ndege wa Muscat ukiwa sebuleni kwako Malindi, kitafutie njia ya Ibra, na uitazame kama ndugu yetu wa Seeb alivyokuelekeza. Hapo hapo, katika mipangilio ya njia, chagua njia ya muda mfupi na si ya umbali mfupi, na ukiambie kiepuke barabara zisizo na lami. Mipangilio hiyo inasaidia, lakini isikupe usingizi wa pono, kwa sababu kifaa hukwepa tu barabara ambayo mchora ramani aliandika kwamba haina lami. Ambayo hakuandika kitu, kifaa hudhani ni nzuri.

Kuhusu simu, wengi wanadhani kwamba bila intaneti simu haijui ilipo. Simu nayo ina kipokezi cha GPS ndani yake, na bando linahitajika kwa ajili ya kuleta ramani na hali ya foleni tu. Ukiipakua ramani mapema, iwe ya Google Maps, Organic Maps au OsmAnd, simu itakuongoza hata mlimani kusiko na mnara. Basi mimi ningechukua vyote viwili. Kifaa kiongoze, na simu ikae na ramani yake iliyopakuliwa kutoka chanzo kingine, ili vinapotofautiana ujue kwamba hapo pana jambo la kuuliza.

Msafiri wa Malindi (Unguja)

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Hiyo njia ya Bani Awf ndiyo hasa niliyokuwa nimeichagua kwenye simu kwa sababu ya ufupi wake, na sasa nimeiacha.

Binamu yangu wa Ibra ameshanitumia lokesheni. Nikiibonyeza kwenye simu, naona namba mbili, na mwanzo wake ni 22.69 na 58.53. Kifaa changu, nikiingia sehemu ya kuandika namba, kinaonyesha herufi S kwanza, kisha kinataka nyuzi na dakika. Je, niandike nyuzi 58 na dakika 53?

Mpima Ardhi Mstaafu (Tanga)

Hapana, mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuondoka. Namba aliyokutumia binamu yako ni ya nyuzi na sehemu zake za kumi na za mia, wakati kifaa chako kimewekwa kusoma nyuzi na dakika, na kila uzi mmoja una dakika 60. Sehemu ya .53 ya uzi ni dakika 31.8, siyo 53. Ukiandika nyuzi 58 na dakika 53, kifaa hakitalalamika, kitakupeleka mashariki ya pale ulipotaka kwa karibu kilomita 36. Kwa upande wa ile namba ya kwanza, ungejaribu kuandika nyuzi 22 na dakika 69, nacho pengine kingekukatalia kwa kuwa dakika haziwezi kufika 69, lakini usitegemee bahati kama hiyo. Badala ya kupiga hesabu, tafuta kwenye ukurasa huo huo wa kuandikia namba mahali pa kubadilisha mtindo wa kuandika, uchague ule wa nyuzi zenye nukta, kisha uandike namba kama ulivyozipokea, pamoja na tarakimu zote zilizofuata. Tarakimu mbili baada ya nukta hukufikisha mjini tu, maana kila sehemu ya mia ya uzi ni zaidi ya kilomita moja. Ili ufike mlangoni unahitaji tarakimu tano.

Herufi S ni jambo la pili. Unguja iko kusini ya Ikweta na Oman iko kaskazini yake. Kwa mashariki hakuna tatizo, sote tuko E, lakini S lazima uibadilishe iwe N, la sivyo nyumba ya mama yako mkubwa itakuwa katikati ya Bahari ya Hindi, upande wa mashariki wa Madagaska. Simu huandika kusini kwa alama ya kutoa mbele ya namba; kwa hiyo namba ya Oman haina alama hiyo, na ya Unguja inayo.

Kwa faida ya wasomaji wengine wenye vifaa vya mkononi, vile tulivyovitumia kazini, ninaongeza hili. Ramani za zamani za upimaji za Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na vifaa vingi vilivyopita katika mikono ya wapima ardhi bado vimewekwa hivyo. Lokesheni za simu hutumia WGS 84. Tofauti ya misingi hiyo miwili kwetu huku ni takriban mita 300, ambazo katika mji wa vichochoro zinatosha kukupeleka msikiti mwingine na mtaa mwingine. Kabla ya kusafiri, ingia kwenye mipangilio ya vipimo uhakikishe imeandikwa WGS 84.

Bi Mkubwa wa Old Town (Mombasa)

Mwanangu wa Malindi, wamekueleza mitambo, nami niseme ya safari yenyewe, kwa kuwa nimekaa na wanangu Muscat na nimezunguka nao huko ndani.

Huko watu huendesha mkono wa kulia. Utakapoanza, akili yako yote itakuwa kwenye kukumbuka upande, na hapo ndipo sauti ya kifaa inapofaa zaidi kuliko picha yake. Kwenye mizunguko ya barabara, nayo ni mingi, magari hupinda kuelekea kulia na kuuzunguka mduara kinyume cha tulivyozoea, na kifaa kikisema toka njia ya tatu, unahesabu kuanzia ile iliyo kulia kwako unapoingia. Ikiwa umepoteza hesabu, zunguka tena, hakuna anayekufukuza. Usiguse kioo gari likiwa linakwenda. Sheria ya huko hairuhusu kushika simu ukiendesha, na kwenye barabara za kasi ya kilomita 120 kwa saa hata kutazama pembeni kidogo ni mbali. Mpe mama kazi ya kukusomea vibao, maana yeye macho yake yako nje na atafurahi kuona majina aliyoyasikia utotoni. Nami ninaamini kwamba kibao cha serikali kikipingana na kifaa, kinachofuatwa ni kibao.

Ndani ya Muscat tumia simu, kwa sababu inajua foleni na barabara zilizofunguliwa karibuni, na jamaa wakikutumia lokesheni unaibonyeza tu. Laini ya simu utaipata hapo hapo uwanja wa ndege. Ukishatoka mjini, kifaa chako cha gari ndicho kizuri: hakikatizwi na simu zinazoingia, na hakimalizi chaji ya simu ambayo utaihitaji mkipata shida. Usikiache juu ya dashibodi mkishuka. Hata mwezi wa Januari, gari lililofungwa juani huwa tanuri, na betri ya kifaa hailipendi joto hilo. Tena si vyema kumwonyesha mpita njia kitu cha thamani.

Kuhusu magoti ya mama, msipite Nakhal bila kusimama. Si mbali na ngome yake kuna chemchemi ya maji ya moto inayoitwa Ain Thawarah, na wazee hukaa pembeni na kutia miguu. Rustaq nayo ina yake, Ain al-Kasfah, ambayo maji yake ni moto zaidi, na watu huja kuoga kwa ajili ya maradhi ya viungo. Zote mbili zimo kwenye ramani, na ziko katika ile njia ndefu ambayo ndugu wa Seeb amekuchagulia.

Dereva wa Kisauni (Mombasa)

Ninaomba kuuliza jambo linalohusiana. Mimi nitakuwa Muscat kikazi na ningependa kufika Khasab, huko Musandam, kwa gari. Kifaa kinanionyesha njia moja kwa moja bila ya onyo lolote. Je, ni salama kuifuata?

Mkaazi wa Seeb (Oman)

Ndugu wa Kisauni, njia hiyo ipo na ni ya lami, lakini tazama mistari ya mipaka kwenye ramani. Musandam ni sehemu ya Oman iliyotengwa na Imarati, kwa hiyo ukienda kwa gari unatoka Oman, unaingia Imarati, unapita, kisha unaingia Oman tena, na unaporudi ni hivyo hivyo. Kifaa kinahesabu kilomita tu. Hakihesabu viza, wala ruhusa ya mwenye gari la kukodi, wala bima, ambayo lazima iandikwe kuwa inafanya kazi na upande wa pili. Ulizia hayo yote kabla ya kuchukua gari, au uende kwa ndege. Pia fahamu kwamba karibu na mlango wa bahari wa Hormuz mawimbi ya GPS yamewahi kuvurugwa, na mwezi wa Juni 2025 meli nyingi zilizopita hapo ziliona mahali pake pakirukaruka kwenye ramani. Ukiona kifaa kinakuonyesha baharini hali unaliona jabali kando yako, fuata barabara na vibao mpaka kitulie.

Ndugu wa Malindi, nawe nikuongezee mawili. Mtakapokuwa Ibra, kama mtataka kuyaona mawimbi ya mchanga, mji wa kufikia ni Bidiyah, nao uko mbele kidogo kwa barabara hiyo hiyo namba 23. Kifaa kitawaonyesha kambi za watalii zilizomo ndani ya mchanga na kitakuwa tayari kuwapeleka hadi mlangoni, lakini alama ya njia katika mchanga haidumu, kwa sababu upepo hubadilisha kila kitu. Lipaki gari pale lami inapoishia na mwombe mwenye kambi aje kuwachukua. Wao wamezoea na hufanya hivyo kila siku.

La pili ni namba ya polisi ya dharura, 9999. Ukikwama mahali usipopajua, gusa alama ya gari lako kwenye kioo cha Garmin, na itafunguka kurasa inayokuonyesha namba za mahali ulipo. Zisome namba hizo kwa simu kama zilivyo, uzi, nukta na tarakimu zote, halafu mwambie mpokeaji azirudie kwako. Mfundishe mama namna ya kuifungua kurasa hiyo, kwa kuwa inaweza kutokea kwamba wewe uko nje unashughulika na gurudumu na mwenye kupiga simu ni yeye. Plagi za huku ni zile zile za pini tatu tunazozitumia Unguja, kwa hiyo chaja yako ya nyumbani itafanya kazi. Waya wa kuchajia garini ndio usiousahau, maana betri ya kifaa cha gari peke yake haikufikishi Al Hamra.